Kabla hujauza ng'ombe kununua mguu wa kaboni, uliza kuhusu kalibu

Swali la leo limetoka kwa mama mmoja wa Buchosa, wilayani Sengerema. Mwanawe ana miaka 9. Mwaka jana aligongwa na bodaboda, kidonda kikaoza, na mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Wajomba wa mtoto wamemtumia mama huyu video kwenye simu. Kijana wa Ulaya anakimbia uwanjani kwa mguu mweusi uliopinda kama upinde, na sauti inasema mguu huo ni wa kaboni na umetengenezwa kwa printa ya 3D. Sasa ukoo umekaa kikao. Wanataka kujua wauze ng'ombe wangapi.

Mama, umefanya vyema kuuliza kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu maswali kama lako yananijia mara kwa mara, mengine kutoka kwa wazazi, mengine kutoka kwa wagonjwa wa kisukari waliokatwa mguu wakiwa na miaka 50 au 60. Wote wanauliza bei ya kaboni. Karibu hakuna anayeuliza kuhusu kalibu, na huko ndiko mguu bandia unakofaulu au kushindwa.

Jambo hili si dogo huku kwetu. Madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando walichapisha mwaka 2012 uchambuzi wa wagonjwa wao waliokatwa mkono au mguu. Sababu ya kwanza ilikuwa vidonda vya kisukari, karibu asilimia 42. Ya pili ilikuwa ajali na majeraha, asilimia 38. Shirika la Afya Duniani nalo liliwahi kukadiria kwamba kati ya watu 10 wanaohitaji vifaa saidizi, viungo bandia vikiwemo, ni 1 tu anayevipata. Na huyo mmoja, akipewa mguu unaomchubua, atautia uvunguni mwa kitanda na kurudi kwenye magongo yake. Nimewaona wengi wa namna hiyo. Mguu upo, umelipiwa, umefungwa kwenye mfuko wa rambo.

Kinachoonekana kwenye video na kisichoonekana

Mguu bandia wa chini ya goti una sehemu tatu. Juu kuna soketi, yaani kikombe kinachopokea kigutu, ile sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Katikati kuna bomba linalopitisha uzito. Chini kuna unyayo.

Kinachoonekana kwenye video za wanariadha ni unyayo, ule upinde mweusi. Asili yake ni kazi ya Mmarekani Van Phillips, ambaye mwenyewe alipoteza mguu mwaka 1976, na tangu miaka ya 1980 nyayo za kaboni zimebadilisha kabisa michezo ya watu wenye ulemavu. Ni kifaa kizuri mno. Lakini upinde wa kukimbilia hauna kisigino. Aliyeuvaa hupata taabu hata kusimama tuli. Sasa mfikirie mtoto akishuka mteremko wa mawe pale Mabatini na dumu la maji mkononi, au akisimama foleni ya uji shuleni. Zipo nyayo nyingine za kaboni zenye kisigino, za kutembelea kila siku, ila hizo hazipendezi kwenye video kwa hiyo hamtumiwi.

Kinachobeba mwili ni soketi. Mungu alitupa ngozi nene ya wayo kwa kazi ya kukanyaga. Kigutu hakina ngozi hiyo. Sehemu chache tu za kigutu huvumilia kugandamizwa, kama ile kano iliyo chini ya pia ya goti na nyama za nyuma ya muundi. Nyingine hazivumilii kabisa. Kuna ncha ya mfupa pale ulipokatwa, kuna ukingo wa mbele wa muundi, na kuna kinundu cha mfupa upande wa nje chini kidogo ya goti, ambapo mshipa wa fahamu hupita karibu kabisa na ngozi. Soketi nzuri hukaza pale panapovumilia na huacha nafasi pale pasipovumilia. Milimita chache zikikosewa, mtu anapata kidonda badala ya mguu.

Kalibu ni nini

Ukiwahi kuona vijana wakifyatua matofali unajua kazi ya kalibu. Saruji iwe nzuri namna gani, kalibu ikipinda na tofali litapinda. Soketi nayo hutoka kwenye kalibu.

Kwa njia ya siku zote, fundi wa viungo bandia hukizungushia kigutu bandeji ya plasta iliyoloweshwa, ile ambayo wengi mnaiita hogo au POP. Ikishika anaivua, anabaki na ganda lenye umbo la kigutu kwa ndani. Analijaza uji wa plasta, unaganda, analibandua ganda, na mezani kunakaa nakala nyeupe ya kigutu chako. Hiyo ndiyo kalibu. Kisha huja ufundi wenyewe. Anakwangua plasta pale panapovumilia, ili soketi ikaze hapo, na anabandika plasta zaidi pale penye maumivu, ili soketi iache nafasi. Anatumia tupa, macho na vidole, na kumbukumbu ya vigutu vyote alivyovishika tangu chuoni. Sijapata kuona kazi ya hospitali inayofanana na useremala kama hii.

Juu ya kalibu hiyo soketi hutengenezwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni bamba la plastiki ya polipropilini, jamii ile ile ya ndoo na viti vya plastiki. Bamba linawekwa kwenye oveni hadi linalegea kama unga wa chapati, linafunikwa juu ya kalibu, na pampu inafyonza hewa ili ling'ang'anie kila bonde na kilima. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliieneza njia hii katika nchi kama zetu tangu miaka ya 1990, na miguu mingi inayotembea Tanzania leo imetoka huko.

Njia ya pili ni ya kitambaa na rezini. Ukienda wanakounda boti za faibaglasi utaona jinsi inavyofanyika. Kitambaa cha nyuzi kinatandazwa juu ya kalibu, kinamiminiwa rezini iliyo kama gundi, rezini inaganda, na nyuzi na gundi vinakuwa kitu kimoja kigumu. Ukiweka nyuzi za kaboni mahali pa nyuzi za kioo umepata soketi ya kaboni. Nyuzi hizo ni nyembamba kuliko unywele, zimetokana na plastiki maalumu iliyochomwa bila hewa mpaka ikabaki karibu kaboni tupu. Kifaa cha kaboni ni chepesi. Chuma cha ukubwa huo huo kina uzito wa karibu mara 5.

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wasikilize. Soketi ya polipropilini ikimbana mtoto mahali, fundi anaipasha joto kwa mashine ya hewa moto, inalegea, anaisukuma nje kidogo, mtoto anaendelea na safari. Soketi ya kaboni ikishaganda imeganda. Utaisaga ukingoni, utabandika sponji ndani, basi. Kwa hiyo kadiri malighafi inavyokuwa ya gharama na ngumu, ndivyo kalibu inavyotakiwa kuwa sahihi tangu mwanzo. Fundi makini hafungi kaboni kabla hajakuvika kwanza soketi ya majaribio ya plastiki angavu, ambayo anaona ngozi yako ndani yake inavyobadilika rangi unaposimama.

Kuchapa kalibu badala ya kuchapa mguu

Sasa tuje kwenye printa. Mashine hii haina wino. Ina uzi wa plastiki unaoyeyushwa na kupangwa tabaka juu ya tabaka, kama mwashi anavyopanda na kozi za tofali, ila kila kozi ni sehemu ndogo ya milimita. Umbo linalochapwa hutoka kwenye kompyuta. Fundi hukipitishia kigutu skana inayosoma umbo lake bila kukigusa, halafu anakwangua na kubandika kwenye skrini badala ya mezani.

Wengi hudhani hatua inayofuata ni kuchapa mguu mzima, unatoka mashinini, unavaa. Inawezekana kuchapa soketi moja kwa moja, na imefanyika. Tatizo lake ni zile tabaka. Kitu kilichochapwa huwa na nguvu kwa upande mmoja na udhaifu kwa upande mwingine, na kikielemewa hupasuka kwenye maungio ya tabaka, kama ukuta unavyopasuka kwenye kozi. Soketi ikipasuka ghafla mtu akiwa barabarani pale Buzuruga, si jambo la kurekebisha kwa gundi. Kipimo cha kimataifa cha uimara wa miguu bandia, kiitwacho ISO 10328, huutaka mguu ukandamizwe mara milioni 3 bila kuvunjika. Muulize anayekuuzia soketi ya kuchapwa kama yake imepita huko.

Ndiyo maana mimi navutiwa zaidi na njia ya tatu, inayozungumzwa kidogo, ya kuchapa kalibu halafu kufunga nyuzi za kaboni juu yake. Kalibu haibebi mtu. Kazi yake ni kushika umbo kwa muda ambao rezini inaganda, kisha inatolewa. Udhaifu wa tabaka hauna madhara hapo. Nguvu ya soketi inatoka kwenye nyuzi ndefu za kaboni zinazoizunguka bila kukatika. Viwanda vya boti na vya magari ya mashindano vinaitumia njia hii kwa vipande vinavyohitajika vichache tu, ambavyo kuchonga kalibu ya chuma kwa ajili yake ni hasara. Na kigutu ni kipande kimoja tu duniani. Hata miguu miwili ya mtu mmoja haifanani.

Ina masharti yake. Kalibu iliyotoka mashinini ina mistari ya tabaka kama mapindo ya bati dogo, na mistari hiyo isipopigwa msasa na kupakwa nta, rezini inaingia humo na kung'ang'ania, au inaacha mikwaruzo ndani ya soketi ambako ngozi yako itakaa. Plastiki inayotumika sana kwenye printa ndogo, ile inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi, huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Rezini yenyewe hutoa joto inapoganda. Kalibu ikilegea, hata kidogo, kipimo chote kimepotea na hakuna atakayejua hadi kidonda kitokee. Kwa hiyo rezini iwe ya kuganda taratibu bila kuchomwa. Na ukitaka kufunika bamba la moto la polipropilini juu ya kalibu iliyochapwa, ganda lake lijazwe plasta kwanza au lichapwe kwa plastiki inayostahimili joto kali. Uzi wa printa hunyonya unyevu, na hewa ya kando ya ziwa ina unyevu wa kutosha, basi usipofungiwa kwenye chombo kikavu huchapa vibaya. Sisemi kuhusu umeme kukatika mashine ikiwa katikati ya kazi.

Vumbi la kaboni nalo ni baya kwa mapafu na huwasha ngozi. Karakana inayosaga kaboni bila barakoa na bila kifaa cha kunyonya vumbi inaharibu afya ya mafundi wake, na mafundi tulionao ni wachache.

Yaliyofanyika ng'ambo ya ziwa

Haya si ya Ulaya peke yake. Hospitali ya CoRSU iko Kisubi nchini Uganda, kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe, kando ya ziwa hili hili tunalovua sangara. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 mafundi wake walishirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto na shirika la Kanada liitwalo Nia Technologies, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Waliwapima wagonjwa, watoto wakiwemo, kwa skana, wakarekebisha umbo kwenye kompyuta na kuchapa soketi. Majaribio yakafika na kwetu, CCBRT ya Dar es Salaam na TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo KCMC Moshi tangu mwaka 1981, ambacho kimefundisha mafundi wa nchi nyingi za Afrika.

Huko walichapa soketi zenyewe kwa plastiki, hawakuchapa kalibu za kufungia kaboni. Lakini hatua mbili za mwanzo, kupima kwa skana na kukwangua kwenye skrini, ni zile zile, na ndizo zinazopunguza kazi ya siku kadhaa. Nilichokipenda zaidi katika habari ile ni kwamba aliyekaa mbele ya kompyuta alikuwa fundi wa viungo bandia, mtu aliyekwisha kushika vigutu vya plasta kwa miaka. Skana haijui mshipa wa fahamu unapita wapi. Inaona umbo la nje tu, haijui ngozi ipi inauma na nyama ipi ni laini. Kijana hodari wa kompyuta asiyejua hayo atakuchapia nakala safi ya kigutu chako, na soketi itakayotoka hapo itakuumiza kila pahali kwa usawa.

Nasema hivi kwa sababu wameanza kujitokeza watu wanaopokea oda kwa simu. Unatuma picha, unataja namba ya kiatu, unalipa nusu. Tafadhali. Mguu hauuzwi kama kandambili.

Mtoto anakua, kalibu haikui

Narudi kwa mama wa Buchosa, kwa sababu hesabu ya mtoto si hesabu ya mtu mzima.

Mtoto wa chini ya miaka 5 huhitaji soketi mpya karibu kila mwaka. Kuanzia 5 hadi 12 ni kila miaka miwili hivi, baadaye kila miaka mitatu au minne hadi amalize kukua akikaribia miaka 21. Mwanao ana miaka 9. Mbele yake kuna soketi 5, huenda na zaidi. Ukimaliza zizi kwa soketi moja ya kaboni leo, akifika darasa la sita itakuwa imembana na haitaweza kupanuliwa. Kwa umri wake mimi ningechagua polipropilini iliyokaa sawasawa, yenye unyayo wa mpira wa kawaida, na ng'ombe waliobaki waendelee kuzaa kwa ajili ya soketi zijazo. Akimaliza kukua, na kama kazi yake au michezo yake inahitaji wepesi, hapo ndipo kaboni itaongelewa.

Printa ingemsaidia wapi? Kwenye kumbukumbu. Kalibu ya plasta huvunjwa wakati wa kuitoa ndani ya soketi, na karakana hazina mahali pa kutunza makalibu ya kila mtoto. Umbo lililomo kwenye kompyuta linabaki. Soketi ikipotea au ikipasuka leo, kalibu nyingine itachapwa bila mtoto kupakwa plasta upya. Lakini mwaka ukipita lazima apimwe tena. Huwezi kuchukua umbo la mwaka jana ukalikuza kama unavyokuza picha kwenye simu, maana mfupa na nyama havikui kwa kiwango kimoja.

Kuna jambo jingine la watoto ambalo wazazi hawaambiwi mapema. Mfupa wa mtoto uliokatwa katikati huweza kuendelea kuota kwenye ncha, ukachongoka kama penseli na kuisukuma ngozi kutokea ndani. Mtoto aliyekuwa anakimbia vizuri akianza kuukataa mguu wake, usimwite mkaidi. Bonyeza ncha ya kigutu kwa upole. Ukigusa kitu chenye ncha chini ya ngozi, mlete kwa daktari wa mifupa kabla hakijatoboa.

Wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo nao huniuliza kuhusu vifaa vya kunyoosha kifundo cha mguu. Kwao skana ina faida moja kubwa: mtoto haogopeshwi na plasta ya baridi wala msumeno wa kuikatia. Ila lazima atulie kwa muda mfupi mguu ukiwa umeshikwa katika mkao sahihi, na kwa mtoto mwenye misuli inayokakamaa hiyo ni kazi ya watu wawili wenye subira. Na wale ambao watoto wao wamezaliwa na nyayo zilizopinda, msichanganye mambo. Plasta anayofungwa mtoto huyo kila wiki ndiyo tiba yenyewe, si ya kutengenezea kalibu. Hakuna printa inayochukua nafasi yake, wala ile ya viatu vyenye ufito katikati ambavyo atavivaa usiku hadi afikishe miaka 4 au 5.

Kwako mwenye kisukari

Kwa mgonjwa wa kisukari hatari ni tofauti. Wewe huenda husikii maumivu. Soketi inaweza kukutafuna tangu asubuhi na ukaja kuona damu kwenye soksi jioni. Kwa hiyo usitegemee hisia, tegemea macho. Siku za mwanzo vaa mguu saa moja au mbili tu, uvue, utazame kigutu pande zote, nyuma kwa kioo. Vitabu vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huonekana kama weusi uliokolea, au kama sehemu inayong'aa, na ukiweka mgongo wa mkono unasikia joto. Alama hiyo ikiisha ndani ya dakika 10 au 15, si neno. Isipoisha, au ikiwa juu ya mfupa, usivae tena mpaka fundi aione.

Kigutu hubadilika ukubwa. Miezi ya mwanzo baada ya upasuaji kinasinyaa, na hata baadaye hupungua kidogo jioni kuliko asubuhi. Ndiyo maana unapewa soksi za kuongeza na kupunguza. Ndiyo maana pia sipendi kumwona mtu akifungiwa soketi ya kaboni kabla kigutu hakijatulia, maana atakuwa amelipia umbo ambalo mwili wake unaliacha. Kabla ya kupimwa, kifunge bandeji ya kuvutika kwa mtindo wa namba 8, ikaze zaidi kwenye ncha na ilegee kadiri unavyopanda. Usiweke mto chini ya goti hata kama unakupa raha, goti litakunjika na kukataa kunyooka, na mguu bandia hauwezi kutembea juu ya goti lililokunjika. Lala kifudifudi mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara.

Na utunze ule mguu mwingine. Sukari iliyomaliza mmoja inaujua na wa pili.

Utakapokwenda kupimwa

Anzia idara ya mifupa au fiziotherapia ya hospitali ya rufaa, wao ndio watakaokuelekeza karakana iliyo karibu. Kwa wa Sengerema, Buchosa na Geita, tangu daraja la Kigongo–Busisi lianze kutumika mwaka 2025 hakuna tena sababu ya kukosa miadi kwa ajili ya kivuko. Wa Ukerewe bado mnavuka maji, mpange kulala.

Muulize fundi amesomea wapi. Muulize kama utajaribu soketi kabla haijakamilishwa, na nani atairekebisha ikikubana mwezi ujao, hapa hapa au hadi Dar es Salaam. Akikuambia kalibu itachapwa, uliza nani atarekebisha umbo kwenye kompyuta, na kama atakigusa kigutu chako kwa mikono yake kabla ya kufanya hivyo. Akikuambia itakuwa ya plasta, usivunjike moyo, sehemu kubwa ya miguu mizuri nchini imetoka kwenye plasta. Uliza bei ya mguu pamoja na marekebisho ya mwaka wa kwanza. Bei ya siku ya kwanza pekee haikuambii kitu.

Vaa kaptula au sketi inayopanda kirahisi. Nenda na daftari la kliniki na majina ya dawa unazotumia. Na beba viatu vyote viwili, hata kile cha mguu usiokuwepo, kwa sababu fundi hupanga urefu wa mguu bandia kwa kimo cha kisigino cha kiatu utakachokivaa.